Damu Isiyouma

Bonge alikuwa fundi wa magari. Jina hilo alipewa gereji kwa sababu ya tumbo lake, naye alilipenda. Mkewe alikuwa mshonaji. Kila asubuhi mke aliketi barazani na cherehani yake. Bonge alikunywa chai, akavuta sigara mbili, kisha akaenda kazini.

Asubuhi moja mke aliingia chooni baada ya mumewe. Akatoka mbio.

"Baba watoto! Mbona chooni kuna damu?"

"Si damu. Ni bitiruti."

"Bitiruti ya lini? Nyumba hii haijaona bitiruti mwaka mzima!"

"Basi nilikula kazini. Kwani nimelalamika? Siumwi popote."

Kesho yake mkojo ulikuwa safi. Bonge akatamba. "Umeona? Ulitaka kunilaza hospitali bure!"

Baada ya wiki tatu damu ikarudi. Safari hii mke aliwaambia ndugu. Kila mtu akaja na lake. Mama yake alisema ni chumvi ya mkwewe. Kaka yake, seremala, alisema Bonge amekalia saruji ya baridi. Kisha akakumbuka kwamba gereji kuna mtu mwenye kijicho.

"Shemeji," mke alisema, "kijicho ndicho kitakachompima? Au tuite saruji?"

"Una haraka mno," seremala alijibu, huku akiwasha sigara.

Mke aliona anapiga gitaa mbele ya mbuzi. Akaacha sare ya shule aliyokuwa akiishona, akaenda kwa jirani yao. Jirani huyo alikuwa muuguzi, na mtaa mzima ulimwita Sista.

Sista alikuja na kipimo cha presha. Presha ya Bonge ilikuwa juu sana.

"Hukupewa dawa za presha kliniki?" Sista aliuliza.

"Nilipewa. Zikaisha."

"Zikaisha!" Mke alijipiga paja. "Zimejaa kabatini, Sista!"

Sista alimtazama Bonge. "Sikiliza. Damu kwenye mkojo haingojewi. Inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa mawe. Inaweza pia kuwa saratani ya figo au ya kibofu. Hata ikija mara moja tu. Hata kama haiumi. Kesho nenda hospitali."

"Kesho nina gari la mteja."

"Kesho una mke," mke akasema. "Atakuburuta."

Akamburuta kweli. Hospitali walipima mkojo, kisha wakampiga picha za tumbo. Figo ya kushoto ilikuwa na uvimbe. Daktari alisema huenda ni saratani, lakini bado ni ndogo na haijasambaa. Bonge aliuliza kama atakufa.  Mke alimshika mkono.

Figo ile ilitolewa. Uvimbe ulipopimwa, ilikuwa saratani kweli. Bonge akarudi nyumbani na figo moja na kovu refu. Sista alikuja kumjulia hali, akawakuta mama yake Bonge na seremala.

"Mimi bado nasema ni chumvi," mama mkwe alianza.

"Mama, nimechoka!" mke akasema. "Sista, waambie. Mimi nilimfanya nini?"

"Hukumfanya kitu. Chumvi nyingi hupandisha presha, kwa hiyo ipunguzeni. Lakini hakuna anayeweza kusema saratani ya huyu ililetwa na kitu hiki kimoja. Yapo mambo yanayoongeza hatari. Sigara. Unene. Presha ya muda mrefu. Bonge alikuwa nayo yote." Akamgeukia mgonjwa. "Gereji mnasafishia nini vyuma?"

"Dawa ya kuondolea grisi. Tunachovya mikono tu. Harufu yake kali, mpaka kichwa kinazunguka."

"Baadhi ya kemikali hizo zinaongeza hatari ya saratani ya figo ukizivuta miaka mingi. Je, kwenye ukoo kuna aliyeugua?"

 Mama mkwe akakohoa.

"Marehemu kaka yangu. Alitolewa uvimbe kwenye figo."

"Mama!" Bonge na mkewe walisema pamoja. "Miaka yote hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Mke alishika kichwa. Sista alimwelekea seremala. "Na wewe mwambie daktari habari za mjomba wenu. Si kwamba lazima utaugua. Ila hatari yako inaweza kuwa kubwa zaidi, na kwa sigara hizo unaiongeza."

Seremala alipimwa presha wiki hiyo hiyo. Ilikuwa juu, akaanza dawa. Sigara zilimshinda mara mbili, mara ya tatu akaziacha. Bonge aliziacha tangu hospitali. Alipungua uzito, na dawa zake za presha akazimeza kila siku. Gereji walinunua glavu, wakaitupa dawa ile ya grisi, wakaanza kusafishia vyuma kwa maji ya sabuni, milango ikiwa wazi.

Mwaka mmoja baadaye daktari alimpiga picha tena. Saratani haikuonekana, na figo iliyobaki ilifanya kazi vizuri. Bonge alitoka akicheka, akitaka kumkumbatia mkewe mbele za watu.

Mke alifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Haya, twende," alisema. "Umenisumbua vya kutosha."