Kona Aliyoiruka Thea

Kila asubuhi ya likizo, Thea Tveit alikunywa maziwa yake akiwa amesimama, akavaa ovaroli ya zamani ya mama yake, kisha akavuka uwanja hadi kwenye banda la babu yake. Mzee Orville alikuwa fundi wa bodi za malori. Kwa miaka arobaini watu wa Nordby na miji ya jirani walikuwa wakimletea milango isiyofunga, sakafu zilizooza na mapaa yanayovuja. Thea, mwenye miaka kumi na miwili, alizijua zana zote za banda lile kwa majina.

Jumanne moja liliingia lori la boksi la kikundi cha akina mama washonaji. Paa lake lilikuwa shiti moja refu la faiba, jeupe, linalopitisha mwanga. Upande wa mbele lilikuwa limeachia. Ukilisukuma kwa kidole, lilipanda na kushuka.

"Ribiti, hizi pini za kushikia paa, zimekatika na gundi imekufa," Babu alisema. "Tutakwangua gundi yote ya zamani mpaka bati la fremu ling'ae, tupanguse kwa spiriti, tupake mpya, ndipo tupige ribiti. Mimi kulia, wewe kushoto. Na ile kona ya mbele ndiyo inayopigwa na upepo, kwa hiyo ikwangue vizuri."

"Sawa, Babu."

Gundi ilikuwa ngumu kama tairi. Thea alikwangua mpaka vidole vikafa ganzi. Kufikia adhuhuri ilibaki kona peke yake, kipande kisichozidi urefu wa mkono. Hapo ndipo Britta, rafiki yake, alipotokea na baiskeli, taulo shingoni.

"We Thea! Bado unaparua tu kama kuku? Wenzako wote wako ziwani!"

"Namalizia."

"Ndivyo unavyosema kila mara. Haya, baki na gundi yako!"

Thea alimtazama Babu. Alikuwa amempa mgongo. Akachukua bomba la gundi mpya, akapaka mstari mnene juu ya ile ya zamani, akalilaza shiti na kulikandamiza. Kwa nje, kona ilionekana safi kabisa.

"Umefika mpaka kwenye kona?" Babu aliuliza.

"Ndiyo."

"Bati limeng'aa?"

"Limeng'aa, Babu."

Mzee hakulifunua shiti kuhakikisha. Alipiga ribiti pale pale, kisha akamgusa begani. "Nenda kaogelee. Leo umefanya kazi ya mtu mzima."

Alhamisi akina mama walipakia mablanketi yao ya viraka, ishirini na mawili, waliyoyashona majira yote ya baridi kwa ajili ya maonyesho ya wilaya. Bi Marjorie, mwenyekiti wao, alishika usukani mwenyewe. Babu na Thea walitangulia kwa pikapu.

Lori lilipokuwa katikati ya mashamba ya mahindi, mvua kubwa ilishuka na upepo ukavuma kutoka mbele. Kona ya kushoto iliinuka. Upepo ukajipenyeza chini yake, ribiti zikafyatuka moja baada ya nyingine, na shiti likaanza kujipigapiga kama bawa. Bi Marjorie alipopata mahali pa kusimama, ndani mlikuwa na maji ya kufika vifundoni.

Kwenye ukumbi wa maonyesho, milango ya lori ilipofunguliwa, maji yalimwagika nje. Mengi ya mablanketi yangekauka. Lakini lile la Bi Marjorie mwenyewe, alilolishona kwa mashati ya marehemu mumewe, Leland, lilikuwa limeharibika. Shati jekundu lilikuwa limechuja rangi, likayatia madoa mashati yote meupe.

Bi Marjorie alilikumbatia lile blanketi lililolowa. "Orville," alisema mbele ya watu wote, "kama macho hayaoni tena, ungetuambia. Tungepeleka kwingine."

Babu alivua kofia. "Samahani, Marjorie. Sijui imekuwaje."

Thea alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Alijua ni kona yake, lakini akamwacha Babu aombe radhi. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Siku tatu zilizofuata Thea hakukanyaga bandani. Britta alipokuja kumwita, alijificha chooni. Kibaya zaidi ni kwamba Babu hakumuuliza chochote. Alikaa barazani, akisogeza gazeti karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena, akiyapima macho yake.

Jumatatu Thea alimkuta bandani akipanga zana ndani ya sanduku. Mashine ya ribiti ilikuwa tayari imefungwa kwa kitambaa.

"Unafanya nini, Babu?"

"Nampa yule fundi kijana wa akina Haugen. Yeye bado anaona."

"Usimpe!" Machozi yalimtoka Thea kabla ya maneno. "Macho yako ni mazima. Ni mimi. Kona ile sikuikwangua. Nilipaka gundi juu ya gundi ili niwahi ziwani. Nikakudanganya."

Mzee aliketi taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Usiku wa Ijumaa," alisema, "niliwasha taa nikahesabu misumari, mmoja mmoja, nione kama bado naweza."

Maneno yale yalimuuma Thea kuliko kiboko. "Nisamehe, Babu."

"Mimi umeniambia. Aliyeniaibisha mbele za watu bado hajui."

Thea alitembea peke yake hadi kwa Bi Marjorie. Alieleza yote akiwa mlangoni, macho chini. Bi Marjorie hakumkaribisha ndani.

"Shati lile jekundu alilivaa siku tuliyochumbiana," alisema. "Haliwezi kurudi, Thea, hata ulie vipi." Akafuta mikono kwenye aproni. "Na mimi nimemdhalilisha mzee wa watu bure. Ngoja nichukue koti. Twende wote."

Alimwomba Babu radhi pale bandani, na Jumapili baada ya ibada akasema tena kikundi kizima kikisikia. Thea naye alisimama kando yake, akaungama kosa lake kwa kinywa chake. Baadhi ya akina mama walimtazama kwa ukali. Aliyavumilia macho yao.

Wiki iliyofuata lori lilirudi. Thea alikwangua pande zote nne peke yake, na Babu akapitisha kidole kila mahali kabla ya gundi mpya kupakwa. Ribiti zilipokwisha kupigwa, Bi Marjorie aliingia ndani ya boksi akajifungia. Thea alimwaga maji juu ya paa kwa mpira wa maji, akilenga zaidi kona ya kushoto, kwa robo saa nzima.

Mlango ulifunguliwa. Bi Marjorie alikuwa mkavu.

Thea alishusha pumzi, lakini hakutabasamu. Babu alimsaidia Thea kushuka kwenye ngazi.

"Ungeniambia siku ile kwamba umechoka," alisema, "ningekwenda kuimalizia mwenyewe, nawe ungeogelea kwa raha. Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Lakini ukisema kazi imekwisha na haijaisha, kuna mtu atakayeliamini neno lako, apakie vitu vyake vya thamani chini yake. Kumbuka huyo mtu kabla hujafungua mdomo."

"Nitamkumbuka, Babu," Thea alijibu, akamtazama Bi Marjorie usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua.