Kengele kwa Mzee Chirau

Soko la Msambweni lilikuwa limefurika watu siku Esha alipomzuia Alfani, mchuuzi wa samaki wa Bodo. Esha alikuwa amejitanda leso nyekundu, macho makali, na mzuri kupita kiasi.

"We kaka, teremka! Penye watu baiskeli husukumwa."

"Nikiteremka, utaniambia jina lako?"

"Teremka kwanza."

Akateremka, akapewa jina, na tangu hapo usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Mwaka ulipopita posa ikapangwa, Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo Alfani alikuwa akishuka mlima wa Kwale kwa njia ya mashambani. Mbele akamwona mzee wa kanzu, na huku na huku mihogo michanga ya watu, imezungushiwa ua wa michongoma. Akabana breki, hazikushika. Akapiga kengele kama mwendawazimu, mzee akajitupa michongomani.

Kesho yake Esha alimngojea sokoni.

"Unamjua uliyempigia kengele? Baba yangu! Mzee huteremkiwa baiskeli, akaamkiwa, ndipo ukapita. Kengele ni ya mbuzi. Amesema posa haipo."

Neno la kumwokoa Alfani alikuwa nalo, na ndilo alilokuwa akiliogopa.

"Esha, roho yangu, breki zilikuwa zimekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi jana. Nilizifunga kwa kamba."

"Na juzi ukampakia bibi yangu kwenye keria, ukampeleka hospitali!"

Esha akaondoka bila kuaga. Alfani alikaa siku mbili bila kuigusa baiskeli. Alhamisi akaenda kwa miguu hadi kwa Mzee Chirau, baba yake Esha, akapiga hodi, akaamkia, akaeleza yote, hata la bibi.

"Shikamoo yako nimeipokea," mzee alisema, mikono imejaa mikwaruzo. "Kumbe si adabu uliyokosa, ni akili."

"Naam, baba."

"Asiye na adabu ningemkataa. Akili bado waweza kuipata. Wazee wako na waje kesho."

"Na mimi siulizwi?" Sauti ya Esha ilitoka nyuma ya pazia.

"Sema, mwanangu."

Esha akafunua pazia.

"Waje. Nampenda, baba. Lakini kila atakapochelewa kurudi nitakuwa nimesimama mlangoni nikihofia breki zake, na hilo alijue leo."

"Nimelijua," Alfani alisema, na machozi yakamshinda mbele ya mkwe.