Siku Jacques Alipokosa Sauti

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023. Mvua ilikuwa imekatika mjini Walikale, lakini ukungu ulikuwa bado umelala juu ya msitu. Msichana Consolée alifagia, akachota maji, akasali, kisha akaenda kwenye ukumbi wa parokia. Huko Papa Théophile, mwalimu wa kompyuta, alikuwa amemfundisha kuandika programu ya kuunganisha picha na sauti za video. Siku hiyo akina mama waliokimbia vita wangeona salamu za ndugu zao waliobaki Nyabiondo.

Mzee mmoja alitangulia kwenye skrini, na sauti mbili zikagombana kinywani mwake.

"Huyu amemeza redio," akasema Kavira, mmoja wa akina mama hao. Watu wakacheka.

Akafuata Jacques. Mdomo ulicheza, lakini hakuna kilichosikika. Mama yake, Geneviève, hakuwa na habari zake tangu mapigano yawatenganishe. Akasimama polepole.

"Mutoto wangu hasemi tena. Walimufanya nini?"

Consolée akakumbuka. Jana programu ilikuwa imekataa kuendelea, ikionya kwamba alama za saa, yaani namba zinazoonyesha kila picha na sauti zitokee lini, zinarudi nyuma. Yeye alitaka kwenda kucheza. Alifuta mstari wa programu uliotoa onyo hilo, akamwambia mwalimu kazi imeisha.

"Mama Geneviève, Jacques iko muzima," akasema kwa shida. "Kosa ni yangu. Programu ilinionya, nikaifunga mudomo."

Papa Théophile alivuta kiti. "Kuja, tuangalie pamoja."

Wakaona chanzo. Ili kulinda chaji, mpigaji video kule Nyabiondo alizima simu kila mara mtu alipomaliza kusema. Alipoiwasha tena, picha ziliendelea na hesabu ya saa, lakini sauti ilianza upya kwenye sifuri. Hivyo sauti ya Jacques ilimwangukia mzee. Consolée aliandika amri mpya: sauti ya kila kipande cha video ianze kuhesabiwa pale kipande kilichotangulia kilipoishia.

Jacques akatokea tena. "Mama, niko muzima. Usilie mbele ya watu."

Mama Geneviève alilia palepale, huku akicheka. "Aksanti Mungu wangu. Aksanti, mutoto," akasema, akimkumbatia Consolée.

"Kukosea si aibu," Papa Théophile akasema. "Ukificha kosa, mwingine ndiye anayelia. Ukilisema, tunapata njia ya kulitengeneza."

Consolée akageukia ukumbi mzima.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wote, naahidi: sitafuta tena onyo ili kazi ionekane imeisha. Nikikosa, nitasema siku ileile."