Anasa ya Marsiana

Mwaka wa tisini na tisa, mtu aliyetaka kupiga simu au kutuma faksi pale stendi ya Sumbawanga alielekezwa kwenye kibanda cha Marsiana. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Polio ilimpata angali mdogo, kwa hiyo alitembelea baiskeli ya matairi matatu, ile ya kunyonga kwa mikono. Baridi ya Ufipa ilipozidi alivaa sweta jekundu juu ya gauni la kitenge, na wanja hakuukosa hata siku moja.

Asubuhi hiyo basi la Mbeya lilikuwa limetoka kushusha watu, makuli wakigombea mizigo, ndipo akaingia kijana mrefu mwenye shati la drafti na buti za vumbi. Aliitwa Masunga, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Mtowisa, kule bondeni. Siku hizo serikali ilikuwa imewaruhusu watu binafsi kufanya biashara, na kampuni moja ya Arusha ilikuwa imemwajiri asimamie kambi mpya ya kifahari huko Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika: mahema yenye mashuka meupe, maji ya moto na divai.

"Dada, nitumie faksi hii Arusha."

Marsiana aliipitia aone kama maandishi yanasomeka. Mzee mmoja wa Ufini, anayetumia kiti cha magurudumu, aliuliza kama ataweza kukaa kambini. Masunga alikuwa amejibu: ndiyo, bila shida.

"Kaka, choo chenu kina ngazi ngapi?"

Masunga akafikiri. "Tatu. Labda nne."

"Basi umeandika uongo."

"Tutambeba. Vijana wapo."

"Kila akitaka kwenda chooni aite vijana? Mzee wa watu, mbele ya mke wake?"

Masunga akaitazama baiskeli ya Marsiana, kisha akamtazama usoni. "Niandike nini?"

"Andika utamjibu baada ya wiki mbili. Halafu nipeleke huko nikaone."

Wiki iliyofuata alimpeleka kwa Landrova ya kampuni. Marsiana alizunguka kambi nzima, na kila alipokwama alisema, naye Masunga aliandika. Milango ilikuwa myembamba, kitanda kilikuwa juu mno, mchanga wa ufukweni ulimeza matairi. Jioni walikaa kwenye gati, ziwa limetulia.

"Wageni wenu wanaita hii anasa," Marsiana alisema. "Mimi anasa yangu ni kufika ninapotaka bila kumwomba mtu."

"Nikikujengea njia ya mbao mpaka majini, utakuja tena?"

"Unamjengea mzee wa Ufini."

"Yeye nimemwona kwenye faksi tu," Masunga alisema, na Marsiana akageuza uso asionekane anatabasamu.

Tangu hapo, kila Alhamisi Masunga alipokwenda Namanyere kuchukua vyakula alipiga simu. Alianza na vipimo vya milango, akamalizia kwingine kabisa.

"Umevaa nini leo, mpenzi?"

"Sweta."

"Lile jekundu?"

"Ninalo lingine? Masunga, watu wamepanga foleni hapa."

"Waambie unaongea na mkaguzi wa simu."

Kila aliporudi mjini walitembea jioni mpaka Mazwi, alikoishi Marsiana, Masunga akikokota hatua ili baiskeli isiachwe nyuma, mpaka Marsiana akamwambia, "Tembea kawaida, bwana. Mimi ndiye ninayekusubiri."

Agosti, simu ililia kutoka Mwanza. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima.

"Hapo ndipo anapopigia Masunga? Mimi mama yake, niko huku kwa kaka yake, natibiwa macho."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye yule mfanyakazi wake mlemavu? Amenisimulia. Anasema unamsaidia sana kazini. Mungu akubariki. Sasa mwambie anipigie, kuna binti wa watu tumemwona huku."

Marsiana aliandika ujumbe wote kwenye karatasi, neno kwa neno. Masunga alipokuja akampa.

Alisoma akiwa amesimama. "Marsi, niliogopa. Mama amepata tabu na sisi. Nilitaka nimwambie polepole."

"Uliona aibu."

Masunga akaikunja karatasi. "Niliona aibu."

"Asante kwa kusema kweli. Sasa nenda." Aligeuza baiskeli asimwone analia.

Wiki sita, simu za Alhamisi zilipokewa na Kalista, msaidizi wake, naye alijibu vile vile: dada hayupo. Mzee wa Ufini alikuja, akakaa siku tisa, akaondoka ameridhika. Marsiana alipata habari hizo kwa madereva. Kila jioni alirudi Mazwi peke yake, na njia ikawa ndefu.

Oktoba, Masunga akasimama tena mlangoni, amekonda.

"Sikuja kuomba msamaha hapa," alisema. "Kuwaomba wewe na mama, kila mmoja peke yake, ni rahisi. Mama amerudi Mtowisa. Naomba twende."

Marsiana akamwita Kalista ashike simu. "Utasema wewe. Mimi nitasikiliza tu."

Walipita kwa Landrova pembeni mwa msitu wa Mbizi, wakateremka ukuta wa bonde mpaka baridi ikaisha na sweta likavuliwa. Mama alikuwa uani akipepeta mpunga. Akaiona baiskeli ikishushwa, akaweka ungo chini.

"Huyu si yule mfanyakazi?"

"Mama, nilikudanganya," Masunga alisema. "Huyu ndiye ninayempenda. Nataka kumwoa. Bado hajanikubali, na akikataa, sababu ni mimi."

Kuku walikuja kudonoa mpunga, hakuna aliyewafukuza.

"Nilikuita mfanyakazi kwenye simu," hatimaye alimwambia Marsiana. "Ulinijibu kwa adabu, nami nikakuumiza."

"Hukujua, mama."

"Ningejua, labda ningesema baya zaidi. Sitakuficha." Akaingia ndani, akasita mlangoni, akakitazama kizingiti kirefu kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Akatoka na mkeka, akautandika uani, akakaa.

"Tutakula hapa," alisema.

Masunga akasogea kumbeba Marsiana. Mama akamzuia kwa mkono. Marsiana akajishusha mwenyewe, taratibu, akakaa kando yake na kurekebisha gauni.

"Haya," mama akamwambia mwanawe, "muulize sasa, nami nisikie."