Nyamizi Amchagulia Kishungi Mayai

Sogeeni, watoto, sogeeni. Masikio yote yako macho? Wewe wa kule nyuma, la kwako moja naliona linasinzia. Haya, liamshe! Leo kuna kuku yuko hatarini.

Palikuwa na msichana mdogo, jina lake Nyamizi. Aliishi na bibi yake, nje kidogo ya mji wa Tabora.

Walikuwa na kuku mmoja tu. Aliitwa Kishungi, kwa sababu ya manyoya yaliyosimama kichwani pake kama ufagio.

Kishungi alitaka watoto. Alitaka mno! Alilala kwenye kiota kitupu, amevimba, hataki hata maji.

"Kwo, kwo, kwo," alilia. "Kwo, kwo, kwo."

Mayai yake mwenyewe hayangetoa vifaranga. Pale nyumbani hapakuwa na jogoo, na bila jogoo hakuna kifaranga.

"Mara ya kwanza mjomba wako alimletea mayai ya dukani," Bibi akasema. "Makubwa, yanang'aa! Kumbe nayo ni ya kuku wasiokaa na jogoo. Kishungi akayaatamia mpaka akakonda. Yote viza."

"Maskini Kishungi!" akasema Nyamizi.

"Tutajaribu mara hii tu," Bibi akasema. "Yakiwa viza tena, basi. Shangazi yako anakuja, na mgeni hali mlenda peke yake. Kishungi ataingia kwenye sufuria."

Sufuria! Kishungi alikuwa rafiki yake. Rafiki haliwi!

"Bibi, mayai nitayachagua mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Bibi akamtazama. Macho ya Bibi hayakuona vizuri tena, na yeye alilijua hilo.

"Haya. Lakini usianze na yai, mjukuu wangu. Anza na mama wa yai. Mwangalie macho. Mwangalie mabawa. Msikilize anavyopumua."

Kisha akamwambia hivi, nanyi semeni nami:

"Kuku mzima, yai zima. Taratibu, Nyamizi, taratibu."

"Na uwahi," Bibi akaongeza. "Tunayaweka jua likizama, kuku akiwa ametulia. Kishungi amechoka kungoja. Leo akiondoka kiotani, harudi."

Nyamizi akabeba kikapu chenye pumba za mpunga. Huyoo, mpaka kwa jirani.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu!" Alikuwa Mama Shija, mwenye kuku wengi kuliko wote.

"Shikamoo, mama. Bibi anaomba mayai ya kuatamisha."

"Marahaba. Hilo tu?" Mama Shija akaleta beseni. Lo! Mayai makubwa, meupe, yamejaa tele. "Chukua, chukua! Bure kabisa."

Nyamizi akanyoosha mkono. Halafu akausimamisha.

Kuku mzima, yai zima. Taratibu, Nyamizi, taratibu.

"Mama, samahani. Naomba kwanza niwaone kuku."

Wakaenda uani. Kuku walisimama tu. Hawakuchakura. Mabawa yalining'inia, macho yamefumba nusu.

"Chwii!" kuku mmoja akapiga chafya.

"Chwii!" akajibu mwingine.

Moyo wa Nyamizi ukaanza. Du! Du! Du!

Atasemaje sasa? Mtu mzima amekupa zawadi, wewe unaikataa? Adabu iko wapi? Lakini akiyachukua, Kishungi ndiye basi tena.

Mama Shija alikuwa bado ameshika beseni. Alikuwa anatabasamu.

Du! Du! Du!

"Mama," Nyamizi akasema, sauti ndogo kabisa. "Asante sana. Ila... kuku wako wana mafua. Naogopa kuchukua mayai yao."

Mama Shija hakutabasamu tena. Akakunja uso. Mimi hapo ningekimbia, nawaambia ukweli. Nyamizi hakukimbia.

Mama Shija akainama. Akamtazama kuku wa kwanza. Akamtazama wa pili.

"Chwii!"

"Mungu wangu! Wanaumwa kweli! Kutwa niko shambani, sikuwaangalia." Akaweka beseni chini. "Sijakasirika, mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Namwita bwana mifugo sasa hivi. Wewe nenda kwa Babu Ngassa. Lakini nawa mikono kwanza, na miguu pia, usimpelekee ugonjwa!"

Maji yakamwagwa, chwa! Nyamizi akatoka mbio.

Jua lilikuwa limeshuka. Lilikuwa limeshuka sana.

Kwa Babu Ngassa kulikuwa na fujo. Paru, paru, paru! Kuku wanachakura. Macho yao yanang'aa. Vichwani ni wekundu. Hakuna anayepiga chafya.

"Kokorikoo!" Jogoo naye yupo, amesimama juu ya kinu.

"Shikamoo, Babu! Naomba mayai ya kuatamisha. Jua linazama!"

"Marahaba. Mayai ya jana na leo haya hapa. Chagua mwenyewe."

Nyamizi alitaka kuyazoa yote. Mikono ilimwasha. Lakini taratibu, Nyamizi, taratibu.

Hili ni kubwa kupita kiasi. Baki.

Hili ni dogo kama goroli. Baki.

Hili lina ufa. Baki, baki!

Hili je? Si kubwa, si dogo. Ganda gumu, halina mikwaruzo, halina ufa. Njoo.

Na wewe njoo. Na wewe. Na wewe pia.

Akayalaza kwenye pumba, moja moja. Akamshukuru Babu Ngassa, akaondoka.

Jua lilikuwa limegusa miti. Miguu ya Nyamizi ilitaka kukimbia. Lakini ukikimbia na mayai, unafika na nini? Unafika na uji!

Taratibu, Nyamizi, taratibu.

"Bwe! Bwe! Bwe!"

Mbwa! Akatokea kichakani, meno nje.

Nyamizi akakumbatia kikapu. Akasimama tuli. Hata kupumua aliogopa.

Mbwa akanusa kikapu. Akanusa miguu ya Nyamizi. Akanusa kikapu tena.

"Fyuuu!" mtu akapiga mluzi mbali huko. Mbwa akageuka, akaenda zake.

Nyamizi akashusha pumzi. Ndipo akaliona. Yai moja lilikuwa limepata ufa, mwembamba kama unywele.

Chozi likamtoka. Lakini yai lenye ufa halikai na mengine. Akalitoa, akaliacha kwenye majani.

"Wahi!" Bibi alikuwa mlangoni. "Wahi, Nyamizi, Kishungi amesimama!"

Kweli, amesimama! Mguu mmoja ndani ya kiota, mguu mmoja nje.

"Kishungi, ngoja! Nakuomba, ngoja!"

Nyamizi akapiga magoti. Akaweka yai la kwanza.

Do! Kishungi akamdonoa. Aa, iliuma! Nyamizi akaweka la pili.

Do! Akaweka la tatu. Akaweka yote.

Kishungi akayatazama. Akaligeuza moja kwa mdomo. Akaligeuza lingine. Mguu bado uko nje.

Kishungi akaurudisha mguu ndani. Akatandaza mabawa. Akakaa.

"Kwo," akasema.

Hapo kazi ikaisha? Haikuisha! Ikaja kazi ya kungoja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Kila asubuhi Nyamizi aliuliza, "Bibi, bado?"

Kila asubuhi Bibi alijibu, "Bado."

Siku zikaenda. Nyingi! Kishungi akakonda tena. Na siku moja, shangazi akafika na begi lake.

"Hamjambo humu ndani? Nina njaa, mwenzenu!"

Nyamizi akachungulia jikoni. Bibi ameshika kisu!

"Bibi! Usimchinje!"

"Nakata kitunguu, mtoto," Bibi akasema. Lakini hakucheka. "Leo ni siku ya ishirini na moja, siku ya vifaranga kutoka. Wasipotoka leo, hawatoki tena."

Mchana ukapita. Hakuna kitu.

Jioni ikaingia. Hakuna kitu.

Nyamizi alikaa kando ya kiota, ameshika magoti yake. Alijua alichagua taratibu. Aliwaangalia kuku macho, aliwaangalia mabawa. Kama alikosea, basi ni yeye, na Kishungi ndiye atakayelipa. Akaanza kulia.

Ko.

Nini hicho?

Ko. Ko. Ko.

"Bibi!"

Bibi akaja, na shangazi nyuma yake, mkono wenye ugali.

Ko. Ko. Krak!

"Piu!"

Kichwa kidogo kikatokea chini ya bawa. Kimelowa, hakina hata haya.

"Piu!" Na kingine! "Piu, piu!" Na kingine, na kingine!

"Jamani!" shangazi akapiga kelele. "Jamani, jamani!" Ugali wake ukamwanguka, na wala hakuuokota.

Yalibaki mayai mawili ambayo hayakuanguliwa. Hivyo ndivyo mayai yalivyo, hata ukichagua vizuri namna gani. Mengine yote yalitoa vifaranga.

Usiku ule shangazi alikula mlenda. Akaomba aongezewe.

Nyamizi akapanda kitandani. Bibi akamfunika shuka mpaka shingoni.

"Bibi."

"Mh."

"Ungemchinja kweli?"

Nje, vifaranga walikuwa wanajisukuma chini ya mama yao.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Kila siku nilijiuliza. Nilikuwa naogopa kama wewe."

Akamshika Nyamizi mkono, ule uliodonolewa.

"Umeniokoa nisilijue jibu. Lala sasa."

Nyamizi akafumba macho, akalala.