Pigo la Balbina

"Legeza mikono, Balbina. Hiyo si jembe!"

"Na baba akitokea je?"

"Si umesema mwenyewe kaenda mtoni kutega migono ya samaki?"

Balbina alicheka, lakini jicho lake halikubanduka kwenye matete. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani Ifakara, na baba yake, Mzee Hilari, alikuwa ametoa amri: mpaka siku ya harusi, binti yake asionekane peke yake na mchumba wake, Wendelin. Pale kijijini Michenga, Mzee Hilari hakujulikana kwa kurudia amri. Alijulikana kwa mkono wake.

Lakini zile fimbo za gofu zilikuwa zimemtia Balbina wazimu. Bwana Shamba wa Kizungu aliyekuwa akimtumikisha Wendelin alikuwa amerudi kwao Ulaya, na siku ya kuondoka akamwachia mfuko mzima. Miaka yote Wendelin aliubeba begani bila kuruhusiwa kupiga hata mara moja. Sasa kila akipata nafasi aliteremka kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, akazijaribu moja baada ya nyingine. Moja ilimuumiza viwiko. Nyingine ilichimba ardhi tu kama nguruwe. Ile ndefu, yenye kichwa cha mbao, ilipeleka mpira mbali lakini kila mara upande asioutaka.

"Nipe hiyo ya mbao," Balbina alisema.

"Hii korofi. Hata mimi hainitii."

"Nipe, Wendelin. Mara moja tu."

Akampa. Balbina akaiinua nyuma ya bega, akafumba macho, akapiga. Ta! Mpira ukapaa, ukavuka matete.

"Umeona? Umeona!" Balbina akaruka kwa furaha.

Ndipo wakasikia sauti ya mtu. Mlio mfupi tu, kisha kimya.

Walikimbia. Nyuma ya matete, njiani, Mzee Hilari alikuwa amelala ubavu, damu ikimtiririka juu ya sikio. Kapu lake lilikuwa limepinduka na kambale walikuwa bado wakirukaruka kwenye vumbi.

"Baba! Baba, amka!"

Wendelin akaweka sikio kifuani kwa mzee.

"Anapumua. Balbina, nenda nyumbani."

"Unasema nini?"

"Pitia nyuma ya mashamba. Wewe hukuwepo hapa. Mimi ndiye niliyepiga."

"Hapana, Wendelin..."

"Akifumbua macho akikukuta na mimi itakuwaje? Na asipofumbua? Nenda, nakwambia!"

Balbina alitaka kukataa. Miguu yake haikumsubiri. Ilimpeleka mbio kati ya mashina ya mpunga, na nyuma yake alimsikia Wendelin akipiga yowe la kuita watu.

Jioni hiyo hiyo mzee alibebwa kwa kitanda mpaka hospitali ya misheni. Wendelin naye akafungiwa katika chumba cha baraza la Jumbe. Hakubishana na mtu. Alisema, "Ni mimi," akanyoosha mikono ikafungwa kamba.

Kesho yake, barazani pa hospitali, Evaristo, kaka yake Balbina, alikuwa akizunguka kama chui.

"Baba akifa, huyo mchumba wako ananyongwa. Nitakwenda mwenyewe mpaka Mahenge kwa Bwana DC."

Balbina akakiweka chini kikombe cha chai bila kukionja.

"Mbona unatetemeka hivyo?" mama yake akauliza.

"Naogopa, mama."

"Wote tunaogopa. Ila wewe hata chai haipiti. Una neno gani?"

"Sina neno."

Mama akamtazama sana. Balbina akainuka, akachukua bakuli la wali, akaenda kwa Jumbe. Askari alimruhusu kusimama dirishani.

"Umekula?" alimnong'oneza Wendelin.

"Baba anaendeleaje?"

"Hajaamka. Wendelin, nitasema."

"Usiseme."

"Wanasema watakunyonga!"

Wendelin akashika nondo za dirisha.

"Naogopa, Balbina. Sikudanganyi. Kila mtu akigusa komeo nadhani wamekuja kunichukua. Lakini nikikuwaza wewe ndiye uliye humu, naogopa zaidi. Nenda."

Akaenda tena. Njia nzima alijiona mwoga, na kujua hivyo hakukumpa nguvu yoyote.

Mzee Hilari alizinduka Jumapili, baada ya misa. Jumbe akaja na askari, Wendelin katikati yao, ili mwenye kuumizwa aseme neno lake.

"Shikamoo, mzee," Wendelin alisema kwa sauti ndogo.

Mzee hakuitika.

"Sitaki kumwona," alimwambia Jumbe. "Ndoa hakuna. Mpelekeni Mahenge akafungwe."

"Umesikia, kijana?" Jumbe akauliza. "Una la kusema?"

"Sina, Jumbe."

Askari akamshika mkono. Balbina alikuwa kwenye pembe ya chumba, mgongo ukutani. Waliufikia mlango.

"Si yeye!"

Wote wakageuka.

"Baba, si yeye. Ni mimi niliyepiga ule mpira."

Evaristo akacheka. "Mwanamke apige kitu kama kile?"

"Balbina, nyamaza," Wendelin akamsihi.

"Ulikuwa na nani?" mzee akauliza polepole.

"Na yeye. Peke yetu."

Mama akajishika kinywa. Mzee Hilari akajiinua kwa kiwiko, uso ukimkunjana kwa maumivu.

"Mimi nimelala chini, damu inanitoka, na wewe ukakimbia?"

"Nilikimbia, baba."

"Kwa nini?"

Machozi yalimtoka, lakini sauti ilikuwa imeshafunguka.

"Nilikuogopa. Ulikuwa hujitambui pale chini, na bado nilikuogopa. Niliogopa utakapoamka kuliko nilivyoogopa kwamba utakufa."

Mzee akageukia ukuta, akakaa hivyo mpaka Sista akachungulia mlangoni, akadhani amelala. Mwishowe akamwita Wendelin.

"Na wewe? Wewe hukuogopa?"

"Nimeogopa kila kitu, mzee. Mpaka sasa hivi naogopa."

"Mfungueni," mzee akasema. "Jumbe, kesi hii imekwisha. Balbina, njoo hapa."

Alisogea. Mkono wa baba ukainuka, naye akafumba macho, akakaza shavu kusubiri kofi. Kofi halikuja. Alipofumbua, mkono ulikuwa umesimama hewani, na baba yake alikuwa akimtazama kama mtu aliyepotea njia.

"Nilitaka maji tu, mwanangu," alisema. "Nipe maji."

Ndoa ilifungwa kabla mvua hazijaanza. Mzee Hilari alikuja na kitambaa kichwani. Sikio moja lilikuwa limekufa kabisa, ikabidi Balbina apite upande wa pili. Mlangoni mwa kanisa, waumini wakiimba ndani na Wendelin akingoja mbele, mzee alihisi mkono wa binti yake ukitetemeka kwenye wake. Akainama.

"Bado unaniogopa?"

Balbina akafikiri.

"Kidogo, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu.

"Basi tutembee polepole," alisema.

Wakaingia.