Kiti cha Nyuma Kabisa

Asubuhi ile kava lilikuwa limekaza. Mama Kifungo alilipapasa kwa kiganja, akakunja uso. Yeye mwenyewe ndiye aliyepima kile kiti, yeye ndiye aliyekata ile ngozi bandia ya rangi ya chai ya maziwa, na jioni iliyotangulia alipokata uzi wa mwisho kava lilikaa sawasawa, halibani wala halipwayi. Sasa lilikuwa limevimba katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ungeweza kumwambia Mama Kifungo kwamba hajui kupika, akacheka. Ungeweza kumwambia hajui kuimba, akakubali. Lakini kumwambia fundi cherehani yule kwamba hajui kupima, hapo ungetafuta mapema njia ya kutokea.

"Sponji limekunywa umande," alijiambia, akaenda zake kuchemsha chai.

Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe, stesheni wagoni ya zamani yenye buti refu, ambayo kwa miaka mingi ilikaa uani juu ya matofali, kuku wakitagia chini yake. Mumewe, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa ameapa kulifufua kidogo kidogo, kwa mfuko wake uleule wenye matundu. Kutu aliikwangua mwenyewe. Puti ya kuzibia mashimo alipaka mwenyewe, na hapo kwa kweli hakuwa na mpinzani. Injini alimwachia Fundi Nati, rafiki yake wa gereji ya pale kona, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna siku aliyokosa nati mfukoni. Na kwenye buti, ili mama yake mzazi na mjukuu wake na mabunda ya nguo za wateja vyote vienee, waliamua kufunga safu ya tatu ya viti. Kiti kilipatikana kwenye uwanja wa magari mabovu, ndani ya gari la familia lililobondeka ubavu mzima. Kilikuwa kizima, hakina hata mchubuko. Kizuri mno kwa bei ile, kama ungeniuliza mimi, lakini nani huuliza akipata cha rahisi?

Fundi Nati alikuwa amemwonya jambo moja tu. "Shemeji, kiti cha gari lililoua hakivalishwi nguo juu ya nguo. Vua kava la zamani kwanza, uanike sponji juani, lipate hewa."

Mama Kifungo alimwitikia vizuri, kisha akafanya lake. Kava la zamani lilikuwa nene, lingesaidia kujaza pale sponji lilipolala. Kwa nini alivue kisha anunue jingine? Akavalisha jipya juu ya la zamani. Zipu nayo akaona ni hasara, akashona chini kwa mkono, kwa sindano ya magunia na uzi wa mikunjo miwili, akazungusha pande zote mpaka hapakuwa na tundu la kupitisha hata sisimizi. Akafunga fundo lake, lile alilofundishwa na marehemu mama yake, ambalo halifumuki mpaka ulikate.

Basi kiti kikawa kinavimba. Halafu ikaja harufu.

Mumewe alinuka rangi na tapentaini tangu siku ya posa, na yeye alikwishaizoea, hata aliipenda. Jioni moja alimpelekea uani kikombe cha chai, akafungua mlango wa buti, na manukato yakamjia usoni. Si ya dukani. Matamu, mazito, na nyuma ya utamu kulikuwa na kitu kama nywele zilizopitiwa na moto. Juu ya kiti cha nyuma kulikuwa na bonde dogo, kama lile analoliacha mtu akikaa muda mrefu.

"Nani alikaa hapa?" aliuliza.

"Nani akae?" Mumewe hakuinua kichwa kutoka kwenye bawaba aliyokuwa anaipaka mafuta. "Gari halina hata betri, nimpeleke mtu wapi?"

Jibu lilikuwa la kweli, na ndiyo maana halikumridhisha. Mwongo wa kawaida huapa, huyu hakuapa. Tangu hapo Mama Kifungo akaanza kuchunguza. Akachunguza kola za mashati na mifuko ya suruali, hata simu, ambayo ndani yake alikuta picha za milango na madirisha tu. Kwenye mshono wa kiti akakuta unywele mrefu, mweusi, umepita ndani na nje ya matundu ya sindano yake kana kwamba ulishonwa pamoja na uzi. Aliuvuta. Ulikuja, ukaendelea kuja, mrefu kuliko mkono wake, na mwisho wake ulikuwa na unyevu wa uvuguvugu. Akautupa. Moyoni akasema, sasa nimemkamata.

Aliyemmaliza kabisa ni binti yake. Kifungo, ambaye bado alikuwa anaota meno ya mbele, alipenda kuchezea garini mchana, akishika usukani na kupiga honi kwa mdomo.

"Mama, anti anasema kunabana."

"Anti gani?"

"Wa kule nyuma. Anayekaa na baba."

Mama Kifungo aliweka mkasi chini polepole. "Anafananaje huyo anti?"

Mtoto alifikiri. "Bado hajafanana," alisema, akarudi kwenye usukani wake.

Mwingine angelishika neno lile akalitafakari. Lakini wivu ukishaingia sikioni hauachi nafasi ya neno jingine. Yeye alisikia "anti" na "baba", basi. Kesho yake alichukua uzi mwekundu, akaufunga kwenye vishikio vya milango yote ya gari kwa fundo lake lisilofumuka. Asubuhi uzi ulikuwa mzima na fundo lilikuwa lake, analijua kama anavyojua sura yake. Na ndani, nyuma ya kioo, bonde kwenye kiti lilikuwa jipya, na kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi upande wa ndani.

Hapo aliogopa. Aliogopa kweli. Lakini hofu ilikuwa nzito kuibeba, na hasira ilikuwa karibu, akachukua hasira. Mbele ya mama mkwe alimwambia mumewe kwamba kama ana mwanamke anayempenda hata kumficha kwenye buti la marehemu baba yake, basi akalale naye hukohuko.

"Mwanangu hana tabia hiyo," mama mkwe alisema. "Mkwe wangu, tazama unachokisema."

"Wewe ni mama yake. Utasema nini kingine?"

Bikizee yule akaingia chumbani kwake. Kuanzia siku ile Mama Kifungo hakumsalimu. Walipishana koridoni kama wapangaji. Na mumewe, mtu mpole lakini mwenye kiburi cha wapole, alichukua mto na shuka, akaenda kulala garini.

Ndivyo alivyomsukuma kule kwa mikono yake mwenyewe.

Siku za mwanzo aliamka mapema, akaenda kazini bila kuaga. Baadaye akawa anaitwa mara nyingi ndipo ajibu. Mashavu yakaingia ndani. Suruali aliyomshonea mwenyewe ikawa inamning'inia, na Mama Kifungo, akichungulia dirishani, alijiambia kwamba hayo ndiyo mapenzi, mtu akipenda hukonda. Alijiambia hivyo kwa ukali, maana kifuani alikuwa anaumia. Alimpenda yule mwanamume. Alitaka arudi ndani, aombe radhi, wacheke, na hakujua namna ya kumwita.

Fundi Nati ndiye aliyekuja mlangoni mchana mmoja, kofia mkononi, uso umempauka.

"Shemeji, nilikuja kuweka betri. Nimemkuta mumeo kiti cha nyuma kabisa, amekunja magoti mpaka kidevuni, anaongea."

"Na nani?"

"Hilo ndilo lililonileta. Hakuna mtu." Fundi alishusha sauti. "Lakini akinyamaza, kuna anayejibu. Niambie kweli. Kava la zamani ulilivua?"

Mama Kifungo alitikisa kichwa.

Fundi alimpeleka kwa mtabibu wa majini siku ileile. Mtabibu hakuwa na mapembe wala vibuyu. Alikuwa mzee mkavu aliyekaa kwenye chumba kisafi chenye viti vya plastiki, akasikiliza yote macho yakiwa yamefumba, kisha akauliza swali moja tu.

"Nani aliyeshona?"

"Mimi."

"Basi mumeo hana kosa. Yule alikuwa akiingia na kutoka kwenye kiti chake tangu kule kwenye magari mabovu, hana habari na mtu. Wewe umemshonea ndani. Aliyefungiwa hutafuta mlango, na mlango alioupata ni mumeo." Mzee alifumbua macho. "Fumua mwenyewe, kabla jua halijazama, mumeo akiwa mbali na kiti. Lakini kabla hujagusa mkasi, waambie watu wote wa nyumba. Wote, umenisikia? Akitoka atakuwa na njaa ya kuwa mtu. Mpaka kuche, mlango usifunguliwe kwa yeyote, hata akija kwa sura mnayoipenda."

Walirudi alasiri. Fundi Nati alifungua nati za kiti, wakakitoa, wakakiweka chini uani, kikiwa kizito kuliko siku kilipoingia. Mumewe walimlaza viti vya mbele, nusu usingizi. Kisha fundi akasema yeye ana watoto, akaomba radhi, akaondoka.

Mama Kifungo aliingia ndani. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mchele, Kifungo miguuni pake akipanga vijiko. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alisimama kizingitini, maneno yako tayari mdomoni: mama, nisamehe, nilimsingizia mwanao, sikiliza ninachokuambia. Bikizee hakuinua macho. Na Mama Kifungo akawaza, nikimwambia sasa, atakwenda kuwasimulia majirani kwamba mimi ndiye niliyeleta jini humu ndani. Nitamwambia baadaye, yakishaisha.

"Kifungo, kaa hapo hapo na bibi," alisema, akatoka.

Alipiga magoti mbele ya kiti, akaingiza ncha ya mkasi kwenye fundo. Uzi wa kwanza ulipokatika kiti kilishusha pumzi, taratibu, kama mtu aliyevua mkanda baada ya safari ndefu, na ile harufu tamu ikamwagika uani mpaka kuku wakakimbilia ukutani. Alikata wa pili, na wa tatu, akawa anafumua na kuvuta, anafumua na kuvuta, na kila alipovuta nywele zilikuja pamoja na uzi, zikamzunguka vidole, zina joto, na chini ya ngozi bandia kitu kilijigeuza upande kama mtu anayetafuta namna nzuri ya kulala, na yeye hakuacha, ingawa jasho lilimwingia machoni na meno yalikuwa yanagongana na jua lilikuwa limeshafika juu ya ukuta wa jirani.

"Taratibu, dada," sauti ilisema karibu na goti lake. "Unanichoma."

Alilia, lakini mkono uliendelea.

"Unashona vizuri. Nimekaa ndani ya mshono wako, nimeujua wote. Nimejua unavyopumua ukikasirika. Nimejua unavyomwita mtoto." Sauti ilikuwa ya kukwaruza mwanzoni, kisha ikalainika kila uzi ulipokatika, mpaka ikawa sauti anayoijua, aliyoisikia mahali fulani mara nyingi, na hakukumbuka ni ya nani, na hakutaka kukumbuka. Alikata uzi wa mwisho. Kava lote likalala bapa. Upepo ukampita shavuni, mwepesi kabisa, ukaelekea upande wa nyumba.

Ndani ya kiti hakukuwa na kitu, ila sponji kuukuu lililolowa.

Mumewe aliita kutoka garini, na ilikuwa sauti yake, dhaifu lakini yake. Alimkimbilia. Alimkumbatia pale kwenye usukani, akamwomba msamaha huku akilia kwa kwikwi, na yeye akampapasa kichwa akisema basi, basi, mke wangu, yamekwisha, nisaidie kushuka, nina kiu. Wakakaa hivyo kidogo. Ilikuwa furaha, sitasema vinginevyo. Kisha akamwegemeza begani, wakaenda polepole mpaka mlango wa jikoni, naye akagonga.

Mama mkwe alifungua haraka, anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu ule ugomvi.

"Kumbe umemleta na yeye! Mwanangu, umekonda hivi! Ingieni." Kisha akatazama nyuma yao, uani. "Kifungo yuko wapi?"

"Kifungo?" alisema Mama Kifungo. "Si nimemwacha hapa na wewe?"

"Lakini si umemchukua sasa hivi?" Bikizee alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Umeingia kwa mlango wa mbele, umenishika mkono, ukaniita mama. Ukaniomba msamaha wa yote uliyosema. Mpaka nimelia, mkwe wangu. Nikakuvalishia mtoto viatu mwenyewe, mkatoka."

Mlango wa mbele, kule mwisho wa koridoni, ulikuwa wazi, na barabara ilionekana, na watu wakipita kutoka makazini.

Mama Kifungo alitaka kukimbia, lakini alihisi bega lake limekuwa jepesi. Mumewe alikuwa ameondoa mkono. Alikuwa amejibana ukutani, mbali naye kadiri nguvu zake zilivyomruhusu, akimkinga mama yake kwa mgongo, akimtazama usoni, machoni, kisha usoni tena.

"Na wewe," aliuliza kwa kunong'ona, "ni nani?"